Uliza Fundi: Hiyo Odra Msiiwashe Kwanza

Toleo lililopita nilimjibu mtu aliyeuliza habari za redio ya zamani, nikachomekea tu kwamba hapa Wrocław, Poland, ninapoishi kulikuwa na kiwanda cha kompyuta zile kubwa za kujaza ukumbi, ziitwazo Odra, na kwamba wikendi zangu nyingi zinaishia kwenye mabaki ya hizo mashine. Basi nimejitakia, barua zimekuja hadi mhariri akanipigia simu. Nimechagua sita. Aliyeuliza kama naweza kumtengenezea playstation anisamehe.

Shikamoo fundi. Mi Mtanzania, dereva wa lori, hapa Wrocław nimepanga kwa mzee mmoja mstaafu. Stoo kwake kuna kabati la chuma kama friji, ndani bodi zimepangwa kama vitabu, pembeni kuna lingine fupi zito balaa naona ni la umeme. Anasema ni Odra 1305, aliiokota kazini kwao ilipotupwa. Bethdei yake mwezi ujao anataka tuiwashe wajukuu waone taa. Tuanzie wapi? – Salum

Marahaba Salum. Msiiwashe. Kateni keki, fungueni mlango wa kabati wajukuu waone bodi, mwaka huu iishie hapo.

Sasa nikuambie mna nini. Odra ni huo mto unaouvuka kila siku na lori lako. Kiwanda cha Elwro kilianzishwa hapo mjini mwaka 1959 na kompyuta zake zikapewa jina la mto, zikaanza 1001, 1003, 1013 na kuendelea, mpaka miaka ya 70 ikatoka hii 1305 iliyojengwa kwa chipu badala ya transista mojamoja, na zilitoka zaidi ya 300. Mashine nzima ni makabati kadhaa, mashine za tepu, kisomea kadi, na printa inayolia utadhani mabati yanapigwa mvua ya mawe. Kwa hiyo mzee hana Odra, ana kipande cha Odra, sawa na mtu mwenye gia boksi ya Scania kusema ana lori. Usimwambie hivyo lakini, ni mwenye nyumba wako.

Hilo kabati zito ndo linanitia wasiwasi. Kazi yake ni kuzipa zile bodi volti 5, na chipu za aina hii zinataka 5 kwelikweli, ikizidi 5.25 tayari umetoka kwenye mstari, ikifika 7 na kuendelea unazika. Sasa ndani ya pawa saplai kuna transista kubwa zinazozuia umeme mwingi usipite. Moja ikishoti, unachotaka kiwe 5 kinakuwa chochote kile kilichoko nyuma yake. Mi nimeliona hili kwa macho. Ghala moja nje ya mji, tulikuwa wanne, mmoja wetu hakuwa na subira akapiga swichi (sio mimi, ila mimi ndo nilikuwa nimeshika tochi na sikusema neno, kwa hiyo tuseme na mimi nimo). Fani zikaanza kuvuma, sote tukachekelea kama watoto, halafu ikaja harufu ya samaki aliyelala juani, ile ya kapasita (vile vikopo vya kutunza chaji ya umeme) zinazotoa maji yake, na kabla mtu hajafika kwenye swichi mshale wa mita ulikuwa umeipita tisa. Bodi kumi na moja. Mashine ilikaa miaka ishirini na kitu kwenye unyevu haikufa, sisi tukaiua kwa sekunde nne.

Kwa hiyo hivi ndo mnafanya. Piga picha kila kitu kabla hujagusa, kila waya na kila bodi ilivyokaa, halafu piga tena maana za kwanza huwa hazionekani vizuri. Bodi zote zichomoe, ziandike namba ya nafasi yake, weka kando. Pawa saplai itenganishwe kabisa na kabati. Humo utakuta kapasita kubwa kama makopo ya Blue Band, hizo zikikaa miaka bila umeme ule utando mwembamba wa oksaidi ndani yake unachakaa, ukizipiga umeme wote kwa mkupuo zinavujisha, zinachemka, zinapasuka. Ila ukizipandishia volti kidogo kidogo, saa nyingi, kupitia resista, nyingi zinajijenga tena. Ambayo inabaki ya moto haina dawa, badili. Na kabla ya kuishika yoyote hakikisha haina chaji, kopo la ukubwa huo linaweza kukurusha ukaangukia keki.

Zikishakubali, mpe saplai mzigo wa uongo. Sisi tunatumia balbu za taa za lori, unazo wewe hizo, unazifunga pale ambapo bodi zingekuwa, unawasha, unapima kwa multimita na kwa oskiloskopu, ile ya kuonyesha umeme unavyoyumba, unaiacha siku nzima. Ikitulia siku mbili tatu ndo unaanza kurudisha bodi, chache chache. Miguu ya bodi isuguliwe kwa spiriti safi na brashi laini, tafadhali usitumie msasa wala kifutio cha wino, utakwangua ile ngozi ya dhahabu na kutu itakuja mbio. Chipu zikifa sio msiba sana, maana zile za Kipolandi zenye herufi UCY, za kiwanda cha CEMI cha Warsaw, ni ukoo uleule wa 74 wa dunia nzima, UCY7400 ni 7400, bado zinapatikana madukani kwa bei ya peremende.

Kisichopatikana dukani ni makaratasi. Muulize mzee kama ana DTR, ndo wanavyoita vile vitabu vya ufundi na uendeshaji wa mashine. Bila DTR unapima bodi hujui hata uko wapi. Na umuulize yeye mwenyewe alikuwa anafanya nini kazini, kama alikuwa fundi wa zamu basi unaishi juu ya maktaba kaka, nunua daftari. Nimeshazika wazee watatu ambao nilikuwa nasubiri wikendi nzuri ya kuwauliza.

Mkishindwa, Katowice kuna makumbusho ya historia ya kompyuta, yapo tangu 2012, wana 1305 waliyoifufua ikawaka. Kabla mzee hajaita gari la chuma chakavu, wapigieni.

Fundi habari. Nasoma kompyuta hapa Mombasa. Nimeona kuna emuleta za mashine hizi, yaani programu za kuigiza mashine nzima, kwa nini mtu ahangaike na machuma tani nzima wakati programu ileile inakimbia kwenye laptopu? – Mwanaisha

Salama mwanangu, swali zuri na wenzangu wengine hawalipendi.

Ni kweli. Odra 1304 na 1305 zilitengenezwa zikubali programu za kompyuta ya ICL 1900 ya Uingereza, pamoja na mfumo endeshi wake unaoitwa George 3, na leo George 3 inakimbia kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, saizi ya kadi ya benki, tena kwa kasi ambayo wahandisi wa Elwro wangedhani unawadanganya. Kumbukumbu ya 1305 ilikuwa maneno laki mbili na nusu hivi ikijazwa mpaka mwisho, na neno moja ni biti 24, piga hesabu, haifiki hata megabaiti moja. Picha moja ya simu yako inaijaza na kumwagika. Mtu akitaka kujua programu zilifanyaje kazi, emuleta inatosha na mi mwenyewe naitumia, naandika kitu, najaribu, mke wangu hasikii kelele.

Ila emuleta imeandikwa na mtu aliyesoma kitabu. Kitabu kinasema mashine inatakiwa ifanye nini. Mashine yenyewe inafanya kitabu na zaidi, kuna maagizo ambayo kitabu kimekaa kimya, kuna waya mtu alirukisha nyuma ya bodi mwaka 1978 kwa sababu printa ilikuwa inaganda ikifika mistari fulani, hakuandika popote. Tukikuta waya kama huo tunakaa nao wiki nzima tunajiuliza alikuwa anatibu nini. Halafu kuna tepu. Data ya zamani imelala kwenye tepu ambazo ziliandikwa na vichwa vya mashine fulani, na mara nyingine njia rahisi ya kuzisoma ni kuwa na mashine ya ukoo huo inayozunguka. Ukishaisoma ndo unampa emuleta. Vinategemeana, si mashindano.

Na usidhani hizi mashine ni za kale sana. Stesheni ya mabehewa ya Wrocław Brochów ilikuwa inatumia Odra 1305 kazini, kila siku, mpaka ilipozimwa tarehe 30 Aprili 2010. Mwezi huohuo Wamarekani walikuwa wanapanga foleni kununua iPad ya kwanza.

Bwana fundi, mimi niko Muscat. Nimesikia kumbukumbu za zamani zilikuwa za vipete vya sumaku na hazifutiki umeme ukikatika. Ina maana ukiokota mashine ya 1975 ndani bado kuna ilichokuwa inawaza siku ya mwisho? – Suleiman

Bwana Suleiman, hili swali nimelisubiri miaka.

Ndiyo, inawezekana. Chukua shuka la pete nyeusi ndogondogo, ndogo kuliko punje ya uwele, kila moja imepitishiwa nyaya nyembamba za wima na za mlalo, na nyingine za kusomea na kuzuilia. Zilifumwa kwa mkono, wengi wao wanawake, kwa sindano na lenzi, ukiitazama chini ya taa ni kama kazi ya kofia ya viua, ile ya vitobo vya kuhesabu. Pete ikiwa na sumaku inayozunguka huku ni 1, ikizunguka kule ni 0, na haihitaji umeme kukaa hivyo. Ungeiacha kwenye kabati miaka 40 kwenye stoo kavu, pete haijui kama muda umepita.

Shida inakuja kwenye kusoma. Kuisoma pete unapitisha nusu ya mkondo kwenye waya wa wima na nusu kwenye wa mlalo, pale wanapokutana tu ndo nguvu inatosha kuisukuma pete ielekee 0. Kama ilikuwa 1 inageuka, na kule kugeuka kunatoa mdundo mdogo kwenye waya wa kusomea. Kama ilikuwa 0 tayari, kimya. Umeona mtego? Ukisoma umefuta. Mashine inasoma, inajua ilikuwa nini, halafu haraka haraka inaandika tena palepale. Ni kama kumuuliza mtu aliyelala kama amelala.

Sasa mtu anaokota mashine, anaiwasha na pawa saplai mbovu (soma jibu la Salum hapo juu), mashine inasoma neno la kwanza, volti zinayumba, haiwahi kuliandika tena. Neno la pili vilevile. Ndani ya muda mfupi kuliko kupiga chafya umefuta kitu kilichokaa tangu enzi za Gierek, mtawala wa Poland miaka ya 70. Kwa hiyo wanaojali hilo wanaitoa kumbukumbu nje, wanaijengea saketi yake ya kuisoma taratibu, mkondo umepimwa, maana hizo pete pia zina nuksi ya joto, chumba kikiwa cha moto zinataka mkondo mwingine na kikiwa baridi mwingine. Sisi tuliwahi kufanya hivyo kwa bodi moja. Ilichukua miezi mitano. Tulikuta nini? Kipande cha programu ya mishahara na sehemu kubwa sifuri tupu. Lakini siku ile namba ya kwanza ilipotoka hakuna aliyeenda nyumbani mapema.

Kwa hiyo Wapolandi walikopi tu Mwingereza? – Msomaji, Kampala

Hapana bwana. Walifanya makubaliano na kampuni ya Kiingereza, miaka ya mwisho ya 60, wakapata programu na maelezo, lakini vyuma vya ndani walibuni wenyewe. Mmoja wa vichwa vikubwa pale Elwro alikuwa Thanasis Kamburelis, Mgiriki, jina halina hata harufu ya Poland. Na programu kuwa tayari ndo ilikuwa akili kubwa zaidi, maana nchi nyingi zilijenga kompyuta nzuri zikakaa zinatazamana na watu bila kazi ya kufanya.

Ukitaka aliyekataa kufuata mtu, msome Jacek Karpiński, mhandisi Mpolandi. Kompyuta yake ya K-202 ya mwanzo wa miaka ya 70 ilikuwa ndogo na ya kasi, zikatengenezwa kama 30 hivi mradi ukasimamishwa. Mwenyewe akaishia kijijini kufuga nguruwe na kuku, kweli kabisa, sitanii. Damu ya K-202 ilirudi kwenye kompyuta ya Mera-400, hiyo nayo ina wapenzi wake wanaoifufua, wabishi kuliko sisi wa Odra.

Fundi, bodi za mashine hizo zina dhahabu kiasi gani? Kuna jamaa ananunua kwa kilo. – Sijataja jina

Kwa nini hukutaja jina unajua mwenyewe. Ipo kidogo kwenye viunganishi, na ndo iliyoziua mashine nyingi miaka ya 90, Elwro yenyewe ilipouzwa 1993 na kila ofisi ikawa inatupa. Jamaa anachemsha bodi kwenye asidi anapata unga wa kujaza jino, mapafu yanaungua. Bodi nzima yenye namba yake inayosomeka, wafufuaji watakupa hela nzuri zaidi. Jaribu.

Kaka fundi, shikamoo kama umenizidi. Marehemu mume wangu alifanya kazi ya kompyuta serikalini hapa Dar miaka ya 70, zile za ICL. Ameacha boksi la kadi za karatasi zenye matundu, kama elfu moja. Watoto wanataka kuzichoma. Zina faida? Na juu ya boksi kadi zote kwa ukingo zina mstari wa kalamu nyekundu umekatiza kona kwa kona, ni mtoto alichezea? – Mama Neema

Marahaba dada yangu, pole na msiba hata kama ni wa siku nyingi.

Watoto wasichome. Nimekwambia juu kwamba Odra ilisoma programu za ICL 1900, kwa hiyo kadi za mume wako na kadi za reli ya Brochów ni ndugu wa kunyonya ziwa moja, na kwa upande wa Dar karatasi za enzi hizo ni adimu kuliko za huku. Hazina ilipata kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500 (ICT ndo baadaye ikaingia kwenye ICL), mwaka 1965, halafu 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, waliozoea kazi hiyo wakabaki na walichonacho. Walioziendesha wengi wametangulia. Kadi zipo kwako.

Ziondoe mipira ya kufungia kama ipo, inayeyuka na kugandisha kadi. Usizibane sana wala usiziache zilale kihasarahasara, zinapinda. Boksi likae juu ya kabati lisikae sakafuni, Dar mvua mnaijua, na mchwa pia mnawajua. Unyevu ukiingia kadi inavimba na kisomeo hakiitaki tena, lakini hata hivyo matundu yanaonekana kwa macho, kila kadi ina safu 80, kwa hiyo mjukuu mmoja mwenye simu ya kamera nzuri anaweza kuzipiga picha mojamoja juu ya karatasi nyeusi, mia kwa siku, na kutoka kwenye picha programu inatolewa kwenye kompyuta bila mashine yoyote ya kadi. Tumeshafanya hivyo huku. Muhimu mpangilio usivurugike hata kidogo, kadi ya tatu ikikaa ya nne programu imekufa.

Na hapo ndo mstari mwekundu. Hakuna mtoto aliyechezea. Aliuchora mwenyewe, wote walifanya hivyo, huku na huko. Boksi likianguka kadi zikatawanyika sakafuni, unazikusanya, unazipanga mpaka mstari urudi kuwa mmoja umenyooka, umemaliza. Hebu uutazame vizuri kwenye mwanga, mama. Ukiona mahali umekatika, kadi moja haina wekundu au ina alama isiyoendana na jirani zake, hiyo aliichomeka baadaye, alikuwa amepata kosa akalirekebisha. Nipigie picha hiyo kadi, mbele na nyuma.